Mbona Humrudishi?

Aliyeanza ni msusi wangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda barazani kwake, Kihonda, kichwa kimebanwa katikati ya magoti yake, naye ananivuta nywele mpaka machozi yananitoka. Akaniuliza bila kuacha kusuka:

"Dada, huyu mwanamke wa kwenye vitabu vyako ni nani?"

"Mwanamke gani? Wako wengi."

"Wengi wapi? Ni mmoja."

Nilicheka. Wakati huo nilikuwa nimeshatoa vitabu vitatu, na jambo nililojivunia kuliko yote ni kwamba havifanani. Asubuhi nauza dawa katika duka dogo karibu na stendi. Nikitoka huko naandika. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mapenzi: mfanyabiashara wa vitenge anayemwacha mume mwema kwa ajili ya mwanamume asiyemfaa. Cha pili kilikuwa cha upelelezi: askari wa kike anayeficha ushahidi ili kumwokoa kaka yake. Cha tatu kilikuwa cha kutisha: mjane anayeitwa na sauti za wafu. Wasomaji walinilalamikia kwamba wanawake wangu ni wabaya mno. Mmoja aliniandikia kwenye simu kwamba nawadhalilisha wanawake wenzangu. Nilimjibu kwamba mtu asiye na doa hana hadithi, na nikajiona nimejibu vizuri.

"Hebu sikiliza," msusi akasema, akanigonga bega kwa mpini wa kitana. "Wote wana mashoto. Wa vitenge anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Askari anaandika kwa mkono wa kushoto. Mjane ndio usiseme. Wote wakitaka kuondoka wanalaza sufuria kifudifudi, moja moja, kama watu wanaohama. Na wote watatu kuna mahali wanamfungia mtoto ndani kwa kufuli, wanaondoka."

"Mjane ndiye anayemfungia mtoto," nilisema. "Wale wengine hapana."

"Kavisome."

"Mimi ndiye niliyeviandika."

"Kavisome hivyo hivyo." Akatafuta kipande cha uzi. "Halafu kuna kitu kingine kinanisumbua. Mtu anayekimbia hushuka barabarani, dada, akatafute gari. Wa kwako wanapanda mlimani. Huko juu kuna nini?"

Nilitoka pale kichwa kinauma kwa kubanwa nywele, nikajiambia msusi ana muda mwingi wa kusoma.

Jumapili ile nilivisoma vyote vitatu, nimekaa mlangoni penye mwanga. Msusi alikuwa amesema kweli. Mfanyabiashara wa vitenge anamfungia mtoto wa mdogo wake, ukurasa mmoja tu, na hakuna linalotokana na tukio hilo. Askari anamfungia mtoto wa shahidi. Nilikumbuka kuandika sura ile, nilikumbuka hata chai niliyokuwa nakunywa, lakini kufuli silikumbuki. Wote wanalaza sufuria kwanza. Wote wanaondoka kwa kupanda. Hadithi ya askari nilikuwa nimeiweka katika mji wa tambarare, kando ya ziwa, mahali ambapo mtu akitazama upande wowote haoni hata kichuguu. Pamoja na hayo, katika ukurasa wa mwisho askari wangu anapanda mlima wenye ukungu, migomba kushoto na kulia. Nilikuwa nimeweka mlima katika mji usio na mlima, na hakuna aliyeniuliza, si mhariri wala msomaji.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyerudi. Kila kitabu kinaishia mlango ukiwa umefungwa, na mwanamke anaonekana kwa mgongo.

Nilivirudisha vitabu kabatini, nikaenda kununua nyanya ambazo sikuzihitaji, ili nisikie watu wakiongea.

Mama yangu aliishi Bigwa, kwenye nyumba niliyokulia, chini kabisa ya mlima. Ukisimama nyuma ya nyumba ile unaona Uluguru yote imekuinamia. Baba, aliyekuja Morogoro kutoka mbali kufanya kazi kiwandani, alifariki miaka mingi nyuma, na mama akabaki na migomba yake michache na kuku. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliwatambua watu kwa mwendo. Hajawahi kuniuliza kuhusu vitabu vyangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Arusini alikaa pembeni, hakuimba, hakupiga vigelegele, alisubiri chakula kiishe aombe ruhusa aondoke. Nilikua nikiamini kwamba alizaliwa hivyo.

Nilikwenda kwake nikiwa na kile kitabu cha kutisha kwenye mkoba. Nilimkuta uani anachambua mchele, ungo mapajani, anatafuta mawe kwa ncha za vidole kwa kuwa macho hayakumsaidia tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unatembea kama mtu aliyefukuzwa?"

Nikamwambia nataka kumsomea kidogo. Akasema hadithi za uongo zina wenyewe, lakini hakunikataza. Nikamsomea pale mjane anapoondoka: anavyozilaza sufuria, anavyovuta mlango, anavyolibana kufuli kwa mkono wa kushoto, anavyosimama kidogo kusikiliza, kisha anashika njia ya kupanda. Nilisoma bila haraka. Nilipofika chini ya ukurasa niliona vidole vyake vimesimama juu ya mchele.

"Mtoto alikuwa anafanya nini?" akauliza.

"Mtoto yupi?"

"Huyo aliyefungiwa."

Nikatazama kitabu, kana kwamba jibu lingekuwemo. "Sijaandika, mama."

"Alikuwa anakula ndizi," mama akasema. "Mbivu. Alipewa ili asilie."

Jua lilikuwa kali, kuku wanapekua chini ya kamba ya nguo.

"Mama, nani alikuwa anakula ndizi?"

Aliweka ungo chini. Akasema mvua inakuja, anakwenda kuanua nguo. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Nilimtazama anazitoa kambani nguo zilizokuwa bado zinachuruzika, anazikunja zikiwa mbichi, anazipanga moja juu ya nyingine mpaka maji yakamlowesha kifua.

"Nenda kwako, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Na usiandike tena hicho kitu."

Kazi yangu ni maneno, kwa hiyo nililisikia neno lile. Hakusema hiyo hadithi. Alisema hicho kitu.

Baada ya siku ile nikimpigia simu alipokea akanyamaza, nikasikia anavyopumua mpaka nikate. Jirani yake, mama mmoja mkarimu ambaye ndiye aliyekuwa akimsaidia mambo ya simu na dawa, alinieleza kwamba jioni mama hakai tena barazani na wenzake. Anakwenda nyuma ya nyumba, anaegemea ukuta, uso ameuelekeza mlimani na kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili.

"Nikamuuliza, bibi unasikiliza nini? Akaniambia nyamaza kwanza," jirani alisema.

Nilifunga duka mapema nikaenda. Nilimkuta palepale ukutani. Hakunisalimu.

"Ukishika kalamu," aliniuliza, "unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama."

"Hata sauti ya mtoto?"

"Hapana."

Aligeuza uso kutoka mlimani. Kisha akasema, "Nilidhani kimehamia kwako. Haya. Twende kwa mama yako mkubwa. Tusipokwenda, kitatukuta hapa hapa."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa lile la ndizi. Mama mkubwa, dada wa tumbo moja wa mama yangu, aliishi juu huko kwenye kijiji chao cha asili. Ni yeye aliyekuwa akishuka kutuona, na kikapu cha maharage na maboga kichwani. Mama hakupanda hata mara moja katika maisha yangu yote. Hakupanda kwa arusi, hakupanda hata bibi yangu alipozikwa. Magoti, alisema. Watu wakazoea magoti yake.

Tulikwenda Jumamosi. Bodaboda zilitufikisha pale njia inapokuwa mawe matupu, tukashuka, tukaanza kutembea. Akina mama walikuwa wanateremka na mizigo ya kabichi na matunda kuwahi soko la mjini, wanatusalimu bila kupunguza mwendo. Ukungu ulikuwa mzito siku ile. Ulisikia salamu kwanza, ndipo ukamwona mwenyewe anatokeza, halafu anayeyuka nyuma yako. Nilitaka kumshika mama mkono kwa ajili ya macho yake, lakini alinitangulia. Miguu yake iliijua njia. Tulifika mahali njia inagawanyika mara tatu, na mimi sikujua pa kushika. Yeye akachukua ya katikati bila kusimama, mwanamke ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu kabla sijapata akili.

Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni, anapukuchua maharage kwenye beseni. Aliinua uso niliposogea kutoka kwenye ukungu. Mimi ndiye niliyekuwa mbele wakati huo; mama alikuwa amesimama nyuma kidogo kufunga khanga yake. Beseni lilimponyoka, maharage yakatawanyika mpaka miguuni pangu. Akataja jina.

Halikuwa jina langu. Lilikuwa jina la mama, lile la usichana wake ambalo hakuna mtu anayelitumia tena, kwa kuwa wote humwita kwa jina langu, mama yake fulani. Mama mkubwa alilitaja jina lile akinitazama mimi usoni.

"Shikamoo mama mkubwa," nikasema. "Ni mimi."

"Ah." Akajishika kifua. "Marahaba mwanangu. Ukungu huu." Halafu akamwona mama nyuma yangu, na hakuuliza habari za safari wala hali. Alisema tu, "Umepanda."

"Mwambie," mama akamjibu. "Mimi nilikatazwa."

Mama akabaki nje. Mama mkubwa akanivuta jikoni, akanikalisha karibu na mafiga, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Aliniambia nisimkatize, maana akikatizwa hatarudia.

"Mama yako alikuwa mtu wa kelele," alianza. "Wewe humjui. Akiingia kwenye nyumba, nyumba inajaa. Anaimba akipalilia, anaimba akisonga ugali, wazee wanamkemea. Na mashoto yake yale. Bibi yako alimpiga vidole tangu mdogo ili atumie wa kulia, wapi. Akaolewa mjini na baba yako, akakuzaa wewe. Ulipoanza kutamka maneno, akaja huku kuzaa wa pili."

"Wa pili?"

"Nimekwambia usinikatize. Mvulana. Alizaliwa analia, na hakunyamaza. Mchana analia, akinyonya analia, tukawa tunamzungusha nyumba nzima kwa zamu. Kabla hajatolewa nje kuonyeshwa watu, akafa. Mtoto ambaye hajatolewa nje wakati ule hakuwekewa matanga. Alizikwa na wanawake, hapo kwenye migomba, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mama yako aliambiwa usilie, utamfungia njia mwingine. Hakulia. Akarudi Bigwa kwa mume wake."

Alisukuma ukuni ndani ya mafiga. Nje sikusikia chochote, hata kuku.

"Akaanza kumwambia baba yako kwamba kuna mtoto analia huku juu. Baba yako akasema ni perere, yule mnyama wa mitini mwenye sauti ya mtoto. Hao watu wa huko kwao hawamjui perere, lakini watu wa kiwandani walikuwa wameshamweleza. Mama yako akasema mimi nimezaliwa huko kwenye perere, namjua. Na perere hulia usiku, halii saa nne asubuhi. Basi. Asubuhi moja baba yako yuko kazini, akaosha vyombo vyake, akavilaza. Wewe akakuweka kwenye mkeka, akakupa ndizi. Akafunga mlango kwa nje, akaja huku."

"Akafika hapa?"

"Alipita. Wanawake waliokuwa wanakata majani walimwona anapita, wakamsalimu, hakuitika. Akaingia msituni. Wanaume walimtafuta mpaka wakachoka. Alitoka mwenyewe, tukamkuta asubuhi amekaa hapo kwenye migomba, ametapakaa udongo mwili mzima, kimya. Tukamuuliza, anatutazama. Na tulipompa uji, alipokea kijiko kwa mkono wa kulia." Mama mkubwa alinyoosha mkono wake mwenyewe, akautazama. "Aliyepanda na aliyeshuka, mwanangu, mpaka leo sijui kama ni mmoja."

Wazee walimwogesha kwa majani, aliniambia. Wakasema jambo lile lisitajwe tena na yeyote, kwa kuwa anayelitaja analiita. Na yeye asipande tena mlima. Bibi akakubali, baba akakubali, ndugu wote wakakubali. "Kunyamaza ndiyo ilikuwa dawa," alisema. "Tumeinywa miaka yote hii. Sasa tunasikia umeliandika kwenye vitabu."

"Sikujua kitu, mama mkubwa. Naapa."

"Najua hukujua. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Nikamuuliza lililobaki. Nani alinifungulia?

"Baba yako, jioni, alipotoka kazini. Alivunja kufuli kwa jiwe. Alikukuta umekaa pale pale kwenye mkeka. Majirani wa kulia na kushoto walikuwepo kutwa nzima na hawakujua kama ndani kuna mtu. Hukulia hata mara moja. Ungelia, wangefungua."

Nilitoka nje, mama hakuwepo mlangoni. Niliita, ukungu ukaimeza sauti yangu. Nilizunguka nyumba nikamwona katikati ya migomba, amesimama mbele ya kipande cha ardhi ambacho hakikuwa na alama yoyote. Ila migomba yote ilikuwa imepandwa kwa kukikwepa. Vizazi vya wakulima vimelima shamba lile, na kila mmoja amekizunguka kile kipande bila kusema kwa nini.

Nilisimama kando yake. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na haya kwa sababu ya hasira yenyewe. Mimi ni mtu mzima, nina mvi, lakini swali lililonitoka lilikuwa la mtoto.

"Kwa nini uliniacha mimi?"

"Wewe ulikuwa hulii," mama akasema. "Yeye alikuwa analia."

Alisema hivyo bila kujitetea, kama mtu anayeeleza njia. Akaendelea mwenyewe. Sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi kwa mpigo kama siku ile. Alisema alikuwa na akili zake zote. Alijua anafunga mlango, alijua nani yuko ndani. Alipobana kufuli alisimama kusikiliza, na kama ningeita hata mara moja asingeondoka. Alifuata sauti ikamwingiza msituni, na kila akikaribia inasogea juu zaidi.

"Kwa hiyo ulirudi kwa nini?"

"Nilikusikia wewe."

"Mama, mimi sikulia. Mama mkubwa amesema. Majirani—"

"Ulilia." Alinigeukia, macho yale meupe yakitafuta mahali uso wangu ulipo. "Ulilia kutwa. Nikawa nasikia sauti mbili, moja juu, moja chini. Nilikaa chini kwenye mizizi nikaziba masikio, zikaendelea humo humo ndani. Ikabidi nichague. Nikashuka kwa ile ya chini. Na ya juu iliponiona nashuka ikaongeza."

Nilimshika mkono, ule wa kushoto. Ulikuwa laini kuliko wa kulia, laini kama wa mtu asiyelima. Nikamuuliza kuhusu huo. Nilidhani ataniambia mambo ya mizimu.

"Ndio uliofunga mlango," alisema. "Sikutaka ukushike tena wewe, wala chakula chako. Nikauzoeza kukaa."

Ndipo akaniuliza swali ambalo sikulitegemea, na ambalo kama mwandishi sijaulizwa swali gumu kuliko hilo mpaka leo.

"Huyo mwanamke wako. Mbona humrudishi?"

"Nani, mama?"

"Wa kwenye vitabu. Ulipoondoka siku ile nilimwomba jirani avitafute, anisomee vyote. Vyote vitatu anafunga mlango, anapanda, kitabu kinakwisha. Unamwacha huko. Mimi nilirudi, mwanangu. Mbona humrudishi?"

Nilikuwa na jibu, na sikumpa. Jibu lilikuwa kwamba nimeandika kile nilichokiona. Mwanamke aliyeimba akisonga ugali, aliyemenya ndizi kwa mkono wa kushoto, ndiye niliyemjua kabla sijajua kusema, na yule hakurudi. Aliyerudi alinilisha, akanisomesha, akaniuguza, nami nampenda, lakini yule wa kwanza nilikuwa bado namtafuta bila kujua ninamtafuta, kitabu baada ya kitabu. Nikasema tu, "Sikujua, mama. Ningejua ningemrudisha."

Mama mkubwa alikuja na jembe na maji kwenye ndoo. Tulipalilia kile kipande sisi watatu, tukaokota mawe mtoni, tukayapanga kuzunguka. Mama mkubwa alisoma dua. Mama akapiga magoti, yale magoti yake ya miaka yote, akaweka mkono wa kushoto juu ya udongo, akaongea na mwanawe kwa Kiluguru, kwa sauti ndogo sana. Kiluguru changu ni cha kuokoteza. Nililoelewa ni kwamba anamwomba radhi kwa kushuka.

Sasa nikajua alivyogawanyika. Miaka yote niliyoiishi naye, alikuwa anamwomba radhi mmoja kwa kupanda, na mwingine kwa kushuka.

Tuliteremka alasiri. Ukungu haukuwa umeondoka, ulikuwa umesogea tu, umekaa juu ya miti. Tulipofika kwenye kona moja inayotazama bonde, mama alisimama ghafla, akainamisha kichwa.

"Unasikia?"

Nilisikiliza. "Maji, mama. Mto uko hapo chini."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema. "Twende."

Nilisema maji kwa sababu maji yalikuwepo kweli, na kwa sababu tulikuwa bado na safari ndefu, na mmoja wetu alipaswa kuwa mtu wa kusikia maji. Zaidi ya hapo siwezi kuapa.

Alipofanyiwa operesheni ya macho nilimleta kwangu Kihonda auguzwe. Alipoona vizuri, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba nimezeeka. Naandika kitabu cha nne sasa, na mwanamke wangu amerudi, nimemfikisha mlangoni. Nilikwama hapo kwa miezi, maana sikujua mtu aliyerudi kutoka kule anamwambia nini mtoto. Mwisho nilimuuliza mama. Alikuwa anakata mchicha.

"Nilikuuliza kama umekula," alisema.

"Nami nikasemaje?"

"Ulinitazama tu. Ukamwangalia baba yako, kama unamuuliza huyu ni nani."

Nimeiandika hivyo hivyo. Msusi ameshaisoma sura ile, akasema inamtia woga kuliko zile za wafu, na akaniuliza kama huyo mtoto atakuja kumzoea. Nikamwambia sijafika huko.

Wiki iliyopita mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, mama mchangamfu aliyehamia kutoka Mwanza, alikuja kujitambulisha. Akakaa na mama barazani, wakaongea hali ya hewa na bei ya mkaa, akamuuliza, kama wanavyoulizana watu wazima, amejaliwa watoto wangapi.

"Wawili," mama akasema.

Nilikuwa ndani, nikasimama na sahani mkononi. Maishani mwangu sikuwahi kumsikia akilijibu swali lile hivyo.

"Mashallah. Huyu wa hapa namjua. Na mwingine yuko wapi?"

"Yuko juu," mama akajibu, akaonyesha kwa kidevu upande wa mlima.

Jirani alifuata kidevu kile, akaona paa za nyumba na anga, akaelewa alivyoelewa.

"Ulaya!" akasema kwa furaha. "Hongera sana, mama. Anapiga simu lakini?"

"Zamani alikuwa ananiita kila siku," mama akasema. "Siku hizi amepunguza."